Miwani ya VR, AR ya kishikwambi au kompyuta: uchague kipi kwa utafiti wako wa kujifunza?

Pendekezo la utafiti linaloanza na "nataka kutumia VR" limeanzia mkiani. Kifaa huchaguliwa na mambo mawili: katika somo hilo kuna nini ambacho mwanafunzi hakioni ubaoni wala kitabuni, na utapata wanafunzi wangapi wa kukaa na kifaa hicho nusu saa kila mmoja. Swali la kwanza msimamizi wako atakuuliza. La pili hujitokeza lenyewe wiki ya tatu ya kukusanya data, muda ukiwa umeshakwenda.

Hapa tunalinganisha njia nne ambazo mtafiti wa Dar es Salaam, awe Mlimani, Upanga, DIT au Chuo Kikuu Huria, anaweza kweli kuzishika mkononi: miwani kamili ya uhalisia pepe, yaani VR, kisanduku cha kadi kinachowekwa simu, uhalisia ulioboreshwa, yaani AR, wa simu au kishikwambi, na mwigo, yaani programu inayoigiza jambo halisi, wa kwenye kompyuta. Miwani ya AR ya aina ya HoloLens 2 tumeiacha nje. Ilitoka 2019 kwa dola 3,500, na 2024 Microsoft ikaacha kuitengeneza. Tasnifu ya miaka miwili haijengwi juu ya kifaa ambacho kikianguka sakafuni huna pa kupata kingine.

Asiye na muda wa kusoma hadi chini aondoke na haya. Kwa mada nyingi za darasani, AR ya kishikwambi inashinda. Miwani inashinda pale mkono unapojifunza utaratibu wa hatua kwa hatua, au mahali penyewe hapafikiki. Kisanduku cha kadi kiache, isipokuwa kwa video fupi za digrii 360. Na kompyuta, ambayo watu huidharau, ni kundi linganishi zuri kuliko lile linaloitwa "njia ya kawaida ya kufundisha".

Tofauti yenyewe iko wapi

Milgram na Kishino, mwaka 1994, waliziweka teknolojia hizi kwenye mstari mmoja: ncha moja ni mazingira halisi, ncha nyingine ni mazingira yaliyotengenezwa yote, na katikati kuna mchanganyiko. VR inakutoa chumbani. AR inakuacha chumbani na kuongeza kitu juu ya meza yako.

Kwa mtafiti, tofauti hiyo ina uzito kuliko bei. Aliyevaa miwani haoni daftari, haoni mwalimu, haoni mwenzake. Hawezi kuandika wala kuuliza bila kuivua, na kila akiivua anakatisha kile unachotaka kukipima. Kwenye AR, wanafunzi watatu wanainamia moyo mmoja unaodunda juu ya dawati, wanabishana vali ipi inafunguka kwanza, na mabishano hayo ni data. Ukiwa na swali linalohusu wanafunzi kujifunza kwa kujadiliana, miwani imeshaondoka kwenye orodha hata kabla hujauliza bei.

Tafiti zimeonyesha nini mpaka sasa

Anayeingia fani hii kwa shauku huwa anashangaa hapa. Mwaka 2018 Parong na Mayer waliwapa wanafunzi somo la mfumo wa damu, wengine kwa miwani ya VR, wengine kwa slaidi za kompyuta. Wa miwani walifurahia zaidi, lakini wa slaidi walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio. Mwaka uliofuata Makransky, Terkildsen na Mayer walichukua mwigo wa maabara ya sayansi, ule ule mmoja, wakauonyesha kwa skrini na kwa miwani kwa wanafunzi 52 wa chuo kikuu, huku wakipima mawimbi ya ubongo. Kwenye miwani hisia ya kuwepo ndani ya maabara ilipanda, mzigo wa akili nao ukapanda, na walichojifunza kikapungua.

Sababu haina uchawi. Macho yana pa kuzurura, maelezo yanapita kwa kasi yao, na akili inatumia nguvu kushangaa. Kinachosaidia ni kupanga somo. Katika jaribio la pili la Parong na Mayer, wanafunzi wa VR waliosimamishwa kati ya vipande na kutakiwa kuandika muhtasari walijifunza zaidi ya wale walioachwa waende moja kwa moja. Meyer, Omdahl na Makransky, 2019, walifundisha istilahi na sehemu za seli kabla ya mwanafunzi kuvaa miwani. Maandalizi hayo yaliwafaa wa VR, ilhali kwa waliotazama video hayakuleta tofauti ya maana. Ndiyo kusema, dakika tano za ubao kabla ya miwani zinaweza kuwa na faida kuliko kununua miwani ya toleo jipya.

Upande wa pili, mwaka 2002 Seymour na wenzake walifuatilia madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo kwa kamera. Waliofanyia mazoezi kwenye kifaa cha VR walikata kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wasiopata mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuumiza kifuko au kuunguza mahali pasipohusika. Watu 16 tu, na tofauti ikaonekana. Hapo mkono ulikuwa ukijifunza kazi ya mkono na kupimwa kwa kazi ya mkono. Ukiwafundisha watu kwa mikono halafu ukawapima kwa maswali ya kuchagua A hadi D, umekipoteza mwenyewe kile ulichokuwa unakitafuta.

Kuna namba mbili ambazo utakutana nazo kila mahali. Uchambuzi wa pamoja wa Wu, Yu na Gu, 2020, uliokusanya tafiti 35 za miwani, ulipata athari, yaani ukubwa wa tofauti kati ya makundi, ya 0.24, ambayo ni ndogo. Ule wa Garzón na Acevedo, 2019, wa tafiti 64 za AR, ulipata 0.68, ambayo ni ya wastani. Usizipambanishe kana kwamba ni timu mbili uwanjani; tafiti zilizokusanywa, wanafunzi na makundi linganishi si yale yale. Zitumie kwa kazi moja, kukadiria sampuli.

Hesabu ya vichwa

Kwa makundi mawili, kiwango cha kosa cha 0.05 na nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo kweli), athari ya 0.68 inadai watu kama 35 kila kundi. Athari ya 0.5 inadai 64. Athari ya 0.24 inadai zaidi ya 270 kila kundi. Sasa ukiwa na miwani minne na miezi miwili, hizo 540 utazitoa wapi?

Tuseme mzunguko mmoja wa miwani: dakika 10 za kuvalisha na kufundisha vidhibiti, 20 za somo, 5 za kufuta na kurekebisha. Ni 35, na kwa uhalisia ni 40 kwa sababu daima kuna mmoja anayesema haoni vizuri. Mizunguko sita kwa siku, miwani minne, unapata wanafunzi 24. Kundi la 64 linamaliza siku tatu. Hapo panaingia kosa ambalo halionekani kwenye pendekezo: waliofanya Jumatatu wanakaa bweni moja na watakaofanya Jumatano. Maswali yanavuja. Andaa matoleo mawili ya jaribio yenye ugumu sawa, au wape wote jaribio la mwisho siku moja.

Ukitumia madarasa mazima, Kidato cha Pili A wapate AR na B wasipate, sampuli yako si wanafunzi 80. Wanafunzi wa darasa moja wanafanana kwa mwalimu na kwa mazoea. Kwa darasa la watu 40 na mfanano wa 0.2, sampuli inayohitajika inazidishwa mara 8.8, yaani 1 jumlisha 39 mara 0.2. Kinachookoa ni kugawa wanafunzi kwa bahati nasibu ndani ya darasa lile lile, na kutumia jaribio la awali kama kigezo kwenye uchambuzi. Jaribio la awali likihusiana na la mwisho kwa 0.7, mahitaji ya sampuli yanashuka hadi karibu nusu. Ni karatasi moja ya ziada tu, na inaokoa miwani mingi.

Miwani kamili

Meta Quest 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299, nayo ina uzito wa gramu 514. Quest 3 ya 2023 ina gramu 515 na picha yake ni kali zaidi. Bei hiyo ni ya Marekani. Ikifika huku kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo usiiandike 299 kwenye bajeti ukamshangaa mhasibu.

Betri inakwenda kama saa mbili. Mizunguko sita ya dakika 25 za kuwaka ni saa mbili na nusu, kwa hiyo bila powa benki ya kuvaa au mapumziko ya kuchaji saa saba mchana, mzunguko wa mwisho utaufanya kwa maombi. Umeme ukikatika asubuhi hiyo ndiyo basi. Chaji usiku uliotangulia, siyo asubuhi.

Jua la Dar ni adui wa lenzi. Lenzi za miwani ni vioo vya kukuza. Ukiiacha kwenye meza ya dirishani lenzi zikitazama nje, jua linakusanyika ndani na kuchoma doa kwenye skrini ambalo halitoki tena. Dakika chache zinatosha. Ziwe na kifuniko au begi lake muda wote ambao hazijavaliwa. Joto na unyevu nao huleta ukungu kwenye lenzi kwa anayetoka nje akiwa na jasho; mkalishe dakika kumi chini ya feni kwanza. Lenzi ifutwe kwa kitambaa kikavu cha kufutia miwani ya macho. Spiriti ipeleke kwingine, inaharibu lenzi. Mto wa usoni uvalishwe silikoni inayofutika baina ya mtu na mtu.

Mambo ya kichwani yanasahauliwa kabisa na maelekezo ya kiwandani. Hijabu haina shida, mkanda unapita juu yake. Shida ni nywele zilizosukwa zikafungwa fundo utosini, au kilemba kirefu: mkanda unateleza, picha inakaa chini ya macho, na mwanafunzi anaona ukungu halafu anajaza kwenye hojaji kwamba macho yamechoka. Waambie siku moja kabla wafunge nywele chini, kisogoni. Usimwombe mtu avue chochote.

Halafu umbali kati ya mboni. Quest 2 na 3S zina hatua tatu tu, milimita 58, 63 na 68. Mpime kila mshiriki kwa rula, uandike hatua aliyowekewa. Ukiziacha zote kwenye 63, baadhi ya malalamiko ya kichwa kuuma yatakuwa yako.

Mazingira: kwa kusimama, kila mtu apate eneo wazi la mita 2 kwa 2. Kwa kukaa, kiti kisicho na magurudumu. Kamera za miwani zinahitaji chumba chenye mwanga na ukuta wenye vitu. Ukuta mweupe mtupu, kioo kikubwa au jua kali kupitia dirishani huifanya miwani ipoteze mahali ilipo, na dunia nzima inamkimbia mvaaji.

Kwenye programu yenyewe, shikilia fremu 72 kwa sekunde au zaidi. Hiyo ni kama milisekunde 14 kwa fremu, na modeli ya mifupa iliyopakuliwa mtandaoni yenye pembetatu milioni tatu haitapita hapo. Ipunguze kwenye programu ya Blender. Mandhari nzima iwe na pembetatu laki tano kushuka. Mwanafunzi ahame kwa kuruka kutoka pointi hadi pointi, siyo kuteleza kwa kijiti, kwa sababu macho yakisema tunatembea na sikio la ndani likisema tumekaa, tumbo ndilo linalolipa. Maelezo yawe ya sauti. Aya ndefu ya maandishi ndani ya miwani haisomwi.

Data ihifadhiwe ndani ya miwani yenyewe, mstari kwa mstari, kila tukio linapotokea. Wengi huandika msimbo unaohifadhi faili programu inapofungwa. Kumbe mwanafunzi akivua miwani, programu inasinzia tu, na mfumo unaweza kuiua bila kuifunga rasmi. Rekodi ya dakika 20 inapotea na huna habari hadi jioni. Na ukishaanza kukusanya, zima Wi-Fi ili miwani isijisasishe katikati ya utafiti.

AR ya simu au kishikwambi

Kwanza kagua kifaa. AR inayotambua sakafu na meza inahitaji ARCore, huduma ya AR ya Google kwa Android, na ARCore ina orodha ya vifaa inavyovikubali. Kuwa na Android 7.0 au zaidi hakutoshi. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na vingi vimeshaingia kwenye mapendekezo ya utafiti kwa sababu vipo tayari. Kabla hujavihesabu, chukua kimoja, fungua duka la programu uone kama huduma ya AR ya Google inakubali kusakinishwa. Ikikataa, hujakwama: AR ya kusoma picha iliyochapishwa, kwa zana kama Vuforia au AR.js, inakwenda kwa kamera peke yake.

Kadi ya kusomwa, yaani hiyo picha iliyochapishwa, ina kanuni zake. Iwe na kona nyingi na mkorogano wa nyeusi na nyeupe, na pasiwe na sehemu mbili zinazofanana. Nembo ya rangi moja haisomeki. Picha iliyokatwa kwenye kanga, yenye ua lile lile limejirudia mara ishirini, inaichanganya kamera, haijui ni ua la ngapi, na modeli inarukaruka. Upana wa sentimita 12 unasomeka hadi kama mita 1.2, yaani mara kumi ya upana wake. Chapisha kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, gramu 160 hivi, na mwambie kijana wa steshenari asikuwekee plastiki hata akikuhakikishia kwamba itadumu. Ile plastiki inarudisha mwanga wa tyubulaiti kwenye kamera na kadi inatoweka.

Kisha mikono. Kushikilia kishikwambi cha nusu kilo hewani kwa dakika kumi kunachosha, na aliyechoka hasomi. Weka stendi, mikono ibaki huru kugeuza kadi. Kwenye kundi la watatu, anayeshika ndiye anayejifunza na wawili wanachungulia. Wazungushe kila dakika nne kwa saa ya ukutani. Na kwenye uchambuzi watatu hao ni kundi, siyo watu watatu wasiojuana.

AR hailevyi watu kama VR, na haihitaji chumba maalumu. Vishikwambi vinne kwa makundi ya watatu ni wanafunzi 12 kwa mzunguko, zaidi ya 70 kwa siku. Kwa mada kama umbo la molekuli, mzunguko wa damu au saketi ya umeme hatuoni sababu ya kwenda kwenye miwani.

Kisanduku cha kadi

Tutapita haraka. Google Cardboard ilitoka 2014, Google wakaacha kuuza visanduku 2021, na programu yao ya safari za darasani, Expeditions, ikafungwa tarehe 30 Juni mwaka huo huo. Tafiti zilizoitegemea zilibaki na mbinu ambayo hakuna anayeweza kuirudia. Simu nyingi za bei nafuu Kariakoo hazina jairoskopu, yaani kihisi cha mgeuko, na bila jairoskopu ukigeuza kichwa picha haigeuki sawasawa. Hata ikiwepo, kisanduku kinafuata mgeuko wa kichwa tu. Ukiinama kusogelea kitu, hakisogei. Simu nayo inapata moto.

Kinachobaki ni video ya digrii 360 ya dakika tatu hadi tano, kwa mfano kuonyesha wodi au bandari. Kumbuka tu kwamba video ya 4K imetandazwa duara zima: kipande cha digrii 90 kinapata pikseli 960 kwa upana, kwa hiyo maandishi ya kwenye mashine hayatasomeka. Kamera isimame juu ya stendi, kwa urefu wa macho, isitembee.

Kompyuta

Miigo ya PhET, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni ya bure, inapakuliwa na kutumika bila bando, na mingi imetafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ni njia ya kujifunza, na pia ni kundi linganishi.

Richard Clark aliandika tangu 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula dukani: lori halibadilishi lishe. Ukilinganisha VR na mwalimu mwenye chaki, umebadilisha picha, sauti, kasi, muda na shauku kwa mpigo, na matokeo yakija hujui kilichofanya kazi ni kipi. Linganisha mwigo ule ule kwa miwani na kwa skrini. Au vizuri zaidi, linganisha VR na VR: moja ina vituo vya muhtasari, nyingine haina. Matokeo ya utafiti wa namna hiyo yanamsaidia mwalimu hata kifaa kikibadilika.

| | Miwani | Kadi | AR | Kompyuta |
|---|---|---|---|---|
| Wanafunzi kwa siku, vifaa vinne | 24 | 30 hivi | 70, kwa makundi | 24 hadi 48 |
| Kichefuchefu | Kipo | Kipo, kibaya | Nadra | Nadra |
| Kinachokwamisha zaidi | Betri, muda | Jairoskopu | Mwanga, kadi | Mazoea ya kipanya |

Vipimo, na Kiswahili chake

Hojaji ya kichefuchefu ya Kennedy na wenzake, 1993, ina dalili 16, kila moja 0 hadi 3. Kosa linalojirudia ni kujumlisha dalili zote 16 na kuzidisha kwa 3.74. Jumla hupatikana kwa kuongeza alama ghafi za mafungu matatu ya dalili hizo ndipo uzidishe, na dalili tano zimo kwenye mafungu mawili, kwa hiyo zinahesabiwa mara mbili. Ipe kabla na baada. Aliyefika kwa daladala saa sita mchana bila kula anaweza kuwa na kichwa kinachouma tayari.

Tafsiri yake ni kazi. Dalili tatu za Kiingereza, kizunguzungu macho yakiwa wazi, kizunguzungu macho yakiwa yamefumbwa, na kuhisi chumba kinazunguka, zote mtu wa kawaida anaziita kizunguzungu. Ukiandika neno moja mara tatu, mshiriki anajaza mara tatu na alama inavimba. Eleza hali: "ukifumba macho sasa hivi, unahisi unayumba?" Kucheua na tumbo kuchafuka pia zitenganishwe na kichefuchefu.

Hojaji za hisia ya kuwepo nazo zina mtego wake, ila hapa lugha yetu imetubeba. Kuna "nilihisi niko pale", "niko huko" na "nimo mle". Kinachopimwa ni hiki cha mwisho. "Pale" mtu anaweza kuwa amesimama mlangoni. Tafsiri, rudisha kwa mtafsiri mwingine, kisha wasikilize watu watano hadi wanane wakisoma kila swali kwa sauti na kueleza walivyolielewa.

Lugha ya somo ilingane na lugha ya jaribio kwa makundi yote. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Sauti ya programu ya Kimarekani kwa kundi moja na mwalimu wa Kiswahili kwa jingine ni kipimo cha lugha, VR imesingiziwa.

Wape wote dakika tatu hadi tano za mazoezi kwenye mandhari isiyohusu somo, mshangao uishie huko. Jaribio la mwisho lirudiwe baada ya wiki mbili.

Vibali na usalama

Barua ya chuo, kisha mkoa, kisha wilaya, kisha shule. Kila kituo kina siku zake, na mwezi mzima uhesabu umekwenda. Utafiti wa afya unapitia kamati ya maadili ya afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu hata ukiondoa majina. Mwaka 2020 Miller na wenzake, wakitumia chini ya dakika tano za rekodi ya mwendo wa kichwa na mikono, walimtambua mtu sahihi kati ya 511 kwa usahihi wa asilimia 95. Rekodi ya mwendo ni alama ya kidole. Ifunge kwa nywila na useme hivyo kwenye fomu ya ridhaa.

Akaunti za Meta ni za miaka 13 na kuendelea, au 10 hadi 12 chini ya akaunti ya mzazi. Wanafunzi wa darasa la pili wapelekee AR. Mwenye kifafa asivae miwani. Na baada ya kuvua, kila mshiriki akae dakika 20, anywe maji, ndipo apande bodaboda.

Ukiwa bado unasita

Uuguzi, upasuaji, uchomeleaji, kuzima moto: miwani, na upime kwa mkono. Biolojia, kemia na jiometri ya sekondari: AR. Una wanafunzi zaidi ya 200 na hela kidogo: kompyuta, makundi mawili, mwigo mmoja, tofauti ya maelekezo. Mahali pasipofikika na bajeti ya nauli tu: video ya 360.

Kabla ya kununua, azima miwani moja na kishikwambi kimoja, chukua wanafunzi sita, washa saa ya simu wakati wa kwanza anapokaa kitini na uizime wa mwisho anapotoka mlangoni. Gawanya kwa sita, zidisha kwa sampuli yako. Namba ikizidi siku ulizoombewa kibali, shuka kwenye kifaa rahisi zaidi, usipunguze wanafunzi.